Si Mtandao, Bosi, Ni Ripoti Yako

Uongo unaosemwa kwa upole kuliko wote hapa Kahama ni huu: "Mtandao uko chini, mama, subiri kidogo." Unasemwa kwenye dirisha la mapokezi ya zahanati, kwa wakala, kwenye duka la pembejeo, kwenye ofisi ya chama cha akiba na mikopo. Anayeusema wala hajui kuwa ni uongo. Kioo cha kompyuta kimeganda mbele yake, kiduara kinazunguka, foleni imefika mlangoni, naye hana neno jingine la kumpa mtu aliyeamka alfajiri kutoka Msalala au Ushetu.

Mimi naishi Nyasubi na kazi yangu ni kutunza kanzidata za watu: kliniki, maghala ya mpunga, vikundi vya kukopeshana, wauza vipuri vya makarasha. Nasema bila kupepesa macho kwamba mara nyingi mtandao hauko chini. Seva iko chumba cha pili, juu ya meza, imefunikwa kitambaa isiingie vumbi, na waya unaotoka kwake hadi dirishani hauzidi hatua ishirini. Tarehe 12 Mei 2024 mtandao ulikuwa chini kweli. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizobaki na intaneti ya kuchechemea. Siku ile neno lile lilikuwa na haki yake. Lakini waya wa chini ya bahari unahusiana nini na kompyuta iliyo nyuma ya ukuta?

Kinachotokea siku nyingine zote kina jina, kina muda wake kwa sekunde, na kinasomeka. Hilo ndilo linaloniudhi. Tungekuwa hatuna namna ya kujua, ningenyamaza kama wengine.

Kila unapobonyeza kitufe, programu hutuma swali kwa seva. Mgonjwa namba fulani ni nani? Anadaiwa kiasi gani? Dawa hii imebaki makopo mangapi? Maswali mengi huisha kabla hujapepesa jicho. Sasa, seva ya MySQL, ambayo imejaa katika miji kama wetu kwa sababu unaipata bure, ukiiandikia SHOW FULL PROCESSLIST inakupa orodha ya yote yanayoendelea wakati huo huo. PostgreSQL nayo ina yake, inaitwa pg_stat_activity. Orodha ya MySQL ina safu nane: namba ya muunganisho, akaunti iliyouliza, kompyuta ilikotokea, kanzidata inayotumika, kinachofanyika, kwa sekunde ngapi, kiko katika hali gani, na mwisho maneno yenyewe ya swali. Mimi husoma kwanza safu ya sita, ile ya sekunde.

Asubuhi ya kawaida karibu wote wamelala. Seva yenyewe huandika hivyo, Sleep, maana yake mlango uko wazi lakini hakuna anayeuliza kitu. Wachache walio macho wana sekunde 0, sekunde 1. Siku ya balaa unakuta swali moja limekaa juu na sekunde 1,140, na chini yake yamejipanga mengine arobaini: sekunde 300, 290, 281, 262. Kila namba kati ya hizo ni mtu aliyesimama dirishani. Foleni ya nje kila mtu anaiona, ikiwa na watoto wake na vikapu vyake. Foleni ya ndani ndiyo inayokuonyesha nani amekaa mbele na amekaa kwa muda gani.

Si kila swali zito linaulizwa kwa ubabe. Chukua mapokezi. Dada anaandika "Kulwa", na kwa kuwa aliyetengeneza programu alitaka kumrahisishia kazi, programu inalitafuta neno hilo popote litakapokuwa ndani ya jina, mwanzoni, katikati au mwishoni. Kwa utafutaji wa namna hiyo faharasa ya kawaida haisaidii kitu. Seva inasoma jedwali lote mstari kwa mstari, kama karani anayefungua kila faili lililo kabatini. Na hapa ni Usukumani, ambako kila mapacha wakizaliwa tunapata Kulwa na Doto, na anayewafuata ni Shija. Seva inahangaika, inarudi na Kulwa wasiohesabika, na dada wa watu ameshabonyeza tena kwa sababu aliona inachelewa. Seva haijui kuwa ni mtu yule yule. Inalianza swali upya huku la kwanza likiwa bado linaendelea. Simlaumu dada. Namlaumu aliyemuuzia mwajiri wake programu ambayo haimtaki mgonjwa aje na namba ya kadi.

Halafu kuna kufuli, na hapa ndipo lawama zinapomwangukia asiyehusika. Tuseme ofisi ya utawala imeomba ripoti ya mapato ya mwaka mzima, saa nne asubuhi. Ripoti inasoma jedwali la malipo. Keshia anataka kuandika malipo mapya katika jedwali hilo hilo. Kama jedwali ni la mtindo wa zamani unaoitwa MyISAM, na bado nayakuta, ingawa MySQL ilihamia InnoDB kama chaguo lake la kwanza tangu toleo la 5.5 la mwaka 2010, basi keshia anaweza kuzuiwa kuandika mpaka anayesoma amalize. Anasubiri. Na kwa kuwa anayesubiri kuandika hupewa kipaumbele, kila anayekuja nyuma yake kusoma tu naye anasimamishwa. Ukiitazama orodha juujuu utasema keshia ndiye aliyeziba njia, maana wote wamesimama nyuma yake. Yeye mwenyewe yuko nyuma ya mtu mwingine, aliyeko ghorofani, anayekunywa chai akisubiri ripoti.

Watu wa makarasha wanalielewa hili upesi kuliko wenye digrii. Jiwe kubwa likikwama kwenye meno ya karasha, wenye viroba waliopanga foleni humfokea kijana anayelisha mawe. Lakini sijawahi kuona mwenye karasha akikimbilia kununua injini ya pili. Anasimamisha mashine, anachungulia, analitoa jiwe, na anauliza limetoka kwenye kiroba cha nani. Kwa nini ofisini tunashindwa kuchungulia?

Nitasimulia moja, bila kutaja mahali, kwa sababu sehemu zenyewe ni nyingi na kosa ni moja. Niliitwa kwenye kituo cha afya cha binafsi, siku ya Jumatatu, kabla ya saa sita. Dirisha la dawa lilikuwa limefungwa nusu. Mama mmoja alikuwa na mtoto mwenye homa, ameshamwona daktari, ameshaandikiwa dawa, dawa ziko rafuni anaziona kwa macho yake, ila hazitoki mpaka mfumo utoe ankara. Alikuwa amesubiri zaidi ya nusu saa. Mzee aliyekuwa nyuma yake alikuwa anamwambia keshia maneno ambayo sitayaandika hapa. Keshia, binti ambaye hata miaka ishirini na tano hana, alikuwa anajibu wimbo ule ule wa mtandao.

Nilifungua orodha. Kulikuwa na ripoti tatu zinazofanana neno kwa neno, zote kutoka kompyuta moja. Mkubwa wa ofisi alikuwa ameomba ripoti, akaona kimya, akabonyeza tena, akaona kimya, akabonyeza mara ya tatu, kisha akatoka kwenda kikaoni. Maswali yake matatu yalikuwa yanasoma miaka yote ya kituo tangu kilipofunguliwa, na mwenyewe hayupo hata kuyapokea majibu. Amri niliyokuta imetolewa ilikuwa moja tu, zima seva, washa upya.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu hii "zima, washa" imekuwa dini. Ukiizima seva, kumbukumbu yote iliyokuwa imeipasha moto inamwagika, na ikiwaka inaanza kusoma kila kitu upya kutoka diski, polepole, wakati ambapo foleni nzima inarudi kwa mkupuo. Kama kulikuwa na maandishi ambayo hayajakamilika, lazima iyatengue kwanza. Lakini baya zaidi ni kwamba orodha inapotea. Orodha ile ni ya sasa hivi tu, haiandikwi popote kwa ajili ya kesho. Seva ikiwaka tena kila mtu ni msafi, sekunde zote ni sifuri, na mkubwa akirudi kutoka kikaoni ataambiwa mtandao ulisumbua kidogo lakini mafundi wameshughulikia. Jumatatu ijayo atabonyeza tena. Kuizima seva bila kuisoma ni kufuta ushahidi, hata kama anayefuta hana habari.

Sikuizima. MySQL ina amri ya KILL QUERY, inayolikatisha swali moja na kumwacha aliyeuliza akiwa bado ameunganishwa. Kwa swali la kusoma tu, kama ripoti, hakuna kinachoharibika, maana hakuna kilichokuwa kinaandikwa. (Swali la kuandika ni habari nyingine. Lililoandika kwa saa nzima ukilikatisha, kulitengua kunaweza kuchukua muda mrefu vilevile, kwa hiyo asiyesoma orodha asiguse amri hii.) Nilizikatisha ripoti zote tatu. Ankara ya yule mama ilitoka kabla sijaondoa mkono kwenye kibodi. Jioni nikapigiwa simu, si ya shukrani. Nilihojiwa nimepata wapi ruhusa ya kufuta ripoti ya bosi.

Swali hilo halinitoki kichwani mpaka leo, kwa sababu limejaa ukweli kuhusu sisi. Hakuna aliyeuliza nani alitoa ruhusa ya kumsimamisha mama na mtoto mwenye homa kwa nusu saa. Kumsimamisha yeye hakuhitaji ruhusa ya mtu.

Tunavyo vielelezo vikubwa kuliko kituo kimoja. Mei 2021 mfumo wa LUKU ulikwama kwa siku kadhaa, watu nchini wakashindwa kununua umeme kwa simu na kwa mawakala, wakaenda kupanga foleni kwenye ofisi za TANESCO. Waziri wa Nishati wa wakati huo, Medard Kalemani, aliagiza maofisa wa TEHAMA wa shirika wasimamishwe kazi. Sisemi walikuwa na kosa au hawakuwa nalo. Ninachosema ni juu ya mazoea yetu: mashine ikizidiwa, tunatafuta mtu wa kusimamisha haraka kuliko tunavyotafuta kitu kilichoielemea. Jina la ofisa aliyesimamishwa linakaa kwenye kichwa cha habari. Orodha ya kilichokuwa kinaendelea ndani ya mashine, saa ile, haina anayeidai. Wananchi walipewa neno "hitilafu", ambalo ni "mtandao uko chini" likiwa limevaa tai.

Na huku kwetu kwenye dhahabu, kuganda kwa kioo kuna bei yake. Masoko ya madini yalipoanza kufunguliwa mwaka 2019, Geita, hapa Kahama na kwingineko, hoja ilikuwa kumvuta mchimbaji mdogo auze mahali pa wazi, apimiwe kwa haki na serikali ipate mrabaha wake. Malipo ya serikali hupita kwa kontroo namba. Mtu ana gramu nne, ana vibarua wanne wanaosubiri hela, na kioo cha mbele yake kimeganda. Nje kuna broka mwenye taslimu mfukoni, asiyehitaji seva. Mnadhani atasubiri hadi lini?

Wakubwa wakishaelewa haya husema, basi tununue seva kubwa. Muuzaji naye yuko tayari na bei yake. Kuna wakati ni kweli, kazi imekua na mashine imezeeka, na mimi mwenyewe nimeshauri hivyo. Lakini mtu akikuletea ankara ya mamilioni kabla ya kukuonyesha orodha ya siku tatu tu za kazi, mkatae. Jedwali lisilo na faharasa, ukilipa mashine kubwa, mashine itafungua mafaili yote ya kabati kwa kasi zaidi, na kabati litazidi kujaa mpaka kasi hiyo nayo isitoshe. Kuwasha daftari la maswali ya polepole, ambalo MySQL inalo tayari, hakugharimu hata shilingi. Likiachwa na kipimo chake cha kawaida huandika swali lolote linalozidi sekunde 10. Wiki moja ya daftari hilo ni elimu ya bure.

Wengine husema, na hawa nawaheshimu, kwamba orodha ina siri. Ni kweli. Safu ya nane inaonyesha swali zima, na ndani ya swali kuna jina la mgonjwa, namba ya simu, pengine ugonjwa wenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haina utani na hilo. MySQL yenyewe humzuia mtumiaji wa kawaida kuona ya wenzake, mpaka apewe haki maalumu. Lakini siri iko kwenye safu ya nane. Akaunti, kompyuta na sekunde si siri za mgonjwa. Anayetumia siri ya mgonjwa kuficha kuwa ofisi ya utawala imekalia seva dakika kumi na tisa analinda kitu kingine.

Kuna tatizo dogo ambalo ndilo kubwa. Mifumo mingi ninayoikuta imeunganishwa kwa akaunti moja tu, yenye mamlaka yote, root. Mapokezi ni root, duka la dawa ni root, maabara ni root, bosi ni root. Ukifungua orodha unasoma root, root, root, kama darasa ambalo kila mtoto anaitwa Kulwa. Ubaya hauishii kwenye kutomjua aliyeuliza. Bila kubadilishwa, MySQL hupokea miunganisho 151 kwa wakati mmoja, na hutunza mmoja wa ziada, kiti cha mwenye mamlaka, ili siku ikijaa fundi aweze kuingia na kuangalia. Programu ikiwa nayo inaingia kwa akaunti yenye mamlaka, itakalia hata kiti hicho. Fundi anabaki nje ya mlango na ufunguo mkononi, na hapo hata mimi ninayepiga kelele hizi nitalazimika kuizima.

Tusijifanye kuwa hakuna aliyewahi kulifikiria hili. DHIS2, mfumo ambao vituo vya afya vya nchi hii hupelekea takwimu zao za kila mwezi, ulitokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo na unatumia PostgreSQL. Una majedwali ya uchambuzi ambayo kwa kawaida hupangwa yaandaliwe usiku. Mkubwa akifungua grafu mchana anapakuliwa chakula kilichopikwa usiku, hamwingilii anayeingiza takwimu. Hasara yake ni kwamba namba anazoziona zinaweza kuwa za jana. Naomba aniambie ofisa mmoja tu, ripoti yake ya mapato ya mwaka mzima itaharibika vipi ikiwa imeishia jana?

Kwa hiyo madai yangu ni haya, na yote yanafanyika kwa mashine tulizonazo. Kila idara iwe na akaunti yake. Akaunti ya ripoti ipewe miunganisho miwili na isizidi, MySQL inaruhusu hilo kwa mstari mmoja wa amri, ili hata bosi akibonyeza mara kumi atakayechoka ni yeye. Swali la kusoma lenye kupita dakika mbili mchana likatishwe lenyewe. Kipimo hicho kipo MySQL tangu toleo la 5.7, na PostgreSQL inacho pia. Ripoti nzito ziende usiku. Amri ya kuzima seva isitolewe kabla orodha haijanakiliwa kwenye faili, hata kwa simu ikibidi, piga picha kioo. Na atakayekatisha swali la mkubwa kwa kufuata utaratibu huo asipigiwe simu jioni.

Nataka pia kioo kimoja kidogo kiwekwe upande wa ndani wa dirisha, kwa binti wa keshia, kinachoonyesha akaunti na sekunde peke yake, bila maneno ya swali. Hahitaji kuwa fundi. Mzee wa foleni akianza kufoka, binti asome tu kilichoandikwa: "Shikamoo mzee. Seva inatengeneza ripoti ya ofisi ya utawala, imefika dakika ya kumi na tisa. Ofisi yao ni ile pale juu, mlango wa bluu."